Barua Iliyongoja Mtihani

Sikuingia darasa la kisomo kwa kupenda elimu. Niliingia kwa hasira. Mwanangu Thobias, aliyekuwa akichimba dhahabu huko Geita, aliniandikia kwamba mkewe amemkimbia, na Salehe mwenye duka, aliyewasomea barua nusu ya watu wa Tinde, akaisoma kwa sauti ya mnadani mbele ya watu waliokuja kununua chumvi. Jioni ile nilipewa pole mpaka kisimani. Nikaapa kwamba barua ya mwanangu haitapita tena kinywani mwa mtu mwingine.

Shida ilikuwa mwalimu. Aliyejitolea kutufundisha kila alasiri kwenye ghala la pamba alikuwa Ignas, mume wa binti yangu. Kwetu Wasukuma mtu na mama mkwe wake hawatazamani usoni. Mkikutana njiani, mmoja anaingia porini. Sasa nitamkodoleaje macho pale ubaoni?

"Mpe mgongo, Mama Thobias," alisema shoga yangu Mageni. "Mimi nitanakili, wewe utasoma kwangu."

Ndivyo tulivyofanya mwaka mzima. Mageni alikaa akitazama ubao, mimi nikakaa mbele yake nikimtazama yeye, daftari lake katikati yetu juu ya gunia. Ignas akitamka nyuma yangu, Mageni anaandika, mimi nafuata kwa kidole. Akitaka kuniuliza swali aliuliza ukuta: "Kuna mama mmoja hapa, sijui ameelewa?" Nami nilimjibu Mageni. Kijana ana adabu yule, na kwa kazi yote hiyo hakulipwa hata kikombe cha uji.

Barua ya pili ya Thobias ilifika wiki mbili kabla ya mtihani wa mwaka sabini na tano. Salehe akanyoosha mkono. "Lete nikusomee, mama."

"Yaya," nikamwambia, hapana, nikaifunga kwenye pindo la kanga. Lakini hata mimi sikuifungua. Niliogopa. Nikiifungua nikashindwa, nitarudi dukani kwake nikiwa nimeinamisha kichwa. Nikasema nifaulu kwanza.

Mtahini alitoka Shinyanga na suruali iliyopigwa pasi. Ignas akatoka nje, akasimama nyuma ya ukuta. Nikapewa kitabu. Nikakigeuza kama nilivyozoea, nikafungua kinywa.

"Mama, kitabu umekishika miguu juu," alisema mtahini. "Basi, pumzika." Akaanza kuandika.

Salehe, aliyekuja kuchungulia, alicheka mpaka kofia ikamdondoka. Nikakigeuza kitabu walivyotaka wao, na herufi zote zikawa ngeni. Hapo ndipo nilipoelewa heshima ya mwaka mzima imenifanya nini. Mageni naye aliziba mdomo kwa mkono, akaniangalia kwa huruma.

"Barua anayo pindoni!" Salehe akapaza sauti. "Aisome hiyo tuone!"

"Hiyo haisomwi hapa," nilisema. Afadhali nishindwe. Aibu ilinishika, machozi yakanilenga, nikainamisha macho mezani. Pale mezani, mbele ya mtahini, palikuwa na karatasi yake. Kwangu ilikuwa imekaa sawasawa kabisa, kama daftari la Mageni.

"Zi-po-ra Masanja," nikasoma kwa sauti. "Tinde. Ha-jui ku-soma." Nikanyanyua uso. "Mwanangu, hapo umenisingizia."

Kalamu ikasimama. Mtahini akaitazama karatasi, akanitazama mimi, akakata mstari, akaandika upya. Kabla hajaweka nukta nikamsomea na hiyo: "A-na-jua." Ghala zima likapiga vigelegele.

Nyuma ya ukuta nikasikia sauti: "Kuna mama mmoja hapa amenifurahisha sana leo."

"Mageni," nikasema, "mwambie mwalimu ahsante."

Nyumbani nilifunga mlango, nikafungua barua, nikaigeuza chini juu. Nilisoma polepole mpaka kwenye jina lake, nikarudia, nikalia kidogo, kisha nikacheka peke yangu.

Kaandika nini? Salehe ameniuliza mara tatu, na ninyi naona mmenyoosha shingo. Nendeni dukani mkanunue chumvi.