Wanne wa Kutimiza Milioni

Saa nne asubuhi fundi cherehani alikuwa anapinda pazia la mteja wake wa chini pale jengo lilipojiinua. Akashika meza kwa mkono mmoja na tumbo kwa mwingine, kama kawaida, akasubiri ghorofa mpya imalize kuchomoza. Jengo lilipotulia, chai ilikuwa imemwagikia kisahani na uchungu ulikuwa umeanza.

"Brashi!" akaita. "Mtoto anakuja."

Mumewe, mpaka rangi ambaye hata mama mzazi alikuwa ameacha kumwita kwa jina lake, alikuwa anavaa ovaroli aende akaipake hiyo ghorofa mpya. Akaivua mguu mmoja, akauvaa, akauvua tena.

"Si tulisema mwezi ujao?"

"Muulize mwenyewe akifika."

Kisha fundi akampigia simu dada yake, mkunga, aliyekuwa kazini katika jiji la ng'ambo ya mto.

Majiji hayo mawili ya kusini yanatazamana mchana kutwa na hayapendani hata kidogo. Moja linakua kwenda juu, la pili linakua kwenda pembeni, na kila moja linaliona lile jingine limekosa adabu. Katika jiji refu ghorofa mpya huchomoza chini, kama uyoga, na kuzisukuma juu zile za zamani. Fundi na Brashi walipopanga chumba chao kilikuwa mlangoni pa barabara, na wateja walikuwa wakipitisha nguo dirishani bila kushuka kwenye baiskeli. Sasa mawingu ndiyo yanayopita dirishani, na nguo hazikauki vizuri. Lifti ilikuja baadaye, na ilihudumia ghorofa zilizochomoza baada yake tu. Waliokuwapo kabla yake walipanda ngazi.

Katika jiji pana ilikuwa hivyohivyo, ila kwa ubavu. Mitaa mipya huota katikati, jirani na soko, na kuisukuma ya zamani kwenda nje. Mkunga alipoanza kazi nyumba yake ilikuwa mkabala na zahanati. Akisikia mtu anaugulia, anavuka na kandambili. Siku hizi lami inaishia mbali kabla ya mlango wake, na kandambili hazifai tena.

Ndiyo maana watu wa jiji refu wana shingo ngumu na maneno machache, kwani nani atapoteza pumzi akiwa ngazini? Wa jiji pana wana miguu ya chuma na salamu zisizoisha, maana ukimwacha jirani leo hujui kesho atakuwa amesogezwa wapi. Madada hawa wawili walikuwa wametaniana juu ya hayo tangu mdogo alipoolewa.

Lakini asubuhi hiyo mkunga hakutania. Mtoto wa kwanza wa mdogo wake alifia kwenye ngazi hizo, mama akisubiri machela iliyokuwa inapandishwa na vijana wawili waliochoka. Walipokuwa wakizika, mkunga alimshika mdogo wake mabega, akamwambia: wa pili nitampokea mimi, kwa mikono yangu hii. Sasa wa pili alikuwa njiani, na kati yao kulikuwa na majiji mawili mazima.

"Usisukume," akasema kwenye simu huku akitupa vifaa kwenye mkoba. "Nisubiri. Nasema nisubiri!"

"Mwambie yeye," akajibu mdogo mtu.

Na siku yenyewe ndiyo ile! Serikali ya huko kaskazini ilikuwa imetangaza kwamba jiji litakalotangulia kufikisha watu milioni moja litapewa uwanja wa ndege, na mwisho ulikuwa saa kumi alasiri. Kila jiji lilikuwa limesimamisha ubao wake wa taa kando ya mto, tarakimu kubwa kama milango. Mbao hizo hazikudanganya. Mtu akiingia, zinapanda. Akitoka, zinashuka papo hapo. Katika jiji refu hesabu iliishia pale lifti inapoishia. Katika jiji pana iliishia pale lami inapoishia. Kila upande ulikuwa na sababu zake, na hakuna aliyeziuliza.

Asubuhi hiyo jiji refu lilikuwa limebakiza watu wanne kufika milioni, na jiji pana watano. Vipaza sauti vilikuwa vinazunguka pande zote mbili. "Ndugu wananchi, aliyekaa asisimame! Aliyesimama asivuke!" Watu walikuwa wamejaa kingo zote za mto wakiimba na kupigiana miluzi. Wafanyakazi waliokuwa kazini walizuiwa kurudi makwao, maana wengi makwao hakuhesabiki.

Mkunga alitoka mbio hadi kwa Mwewe, mwendesha pikipiki wa pale zahanati.

"Ng'ambo," akasema. "Mdogo wangu anajifungua."

"Leo? Dada yangu, wewe ni mtu wa kwetu! Ukiondoka tunarudi nyuma!"

"Washa pikipiki, Mwewe."

Mwewe akawasha. Alikuwa anaipenda kazi yake, na alilipenda jiji lake kuliko kazi. Barabara ya mtoni ilikuwa imeanza kunyooka na kurefuka mbele yao, kama unga unaosukumwa mezani, na katikati yake mtaa mzima ulikuwa unaota. Duka la simu likajitokeza, halafu benki, halafu kituo cha mafuta ambacho taa zake zilikuwa tayari zinawaka.

"Umeona hiyo?" Mwewe akapiga kelele za furaha. "Benki! Ng'ambo wanayo benki kama hiyo?"

"Ipite!"

"Tangu asubuhi tumeongeza mitaa miwili, dada! Miwili!"

"Na mimi nimeongezewa safari! Ipite, nakwambia!"

Akaipita kwa pembeni, juu ya ukingo wa njia ambao saruji yake ilikuwa bado mbichi, na alama ya tairi ikabaki pale. Mtaa ulipokuwa unatanuka upande wa kushoto, Mwewe aliinama kulia. Ulipotanuka kulia, aliinama kushoto. Mkunga alikumbatia mkoba na kufumba macho.

Darajani askari wa jiji pana akanyoosha mikono yote miwili.

"Mama, tafadhali. Tumebakiza watano tu. Ukivuka watakuwa sita, na wale pale watabakiza watatu. Unataka kututia aibu?"

"Mdogo wangu ana uchungu."

"Hawezi kuja kujifungulia kwetu? Tutampokea kwa ngoma."

Mkunga akashuka, akapita chini ya mkono wake, akavuka kwa miguu. Nyuma yake umati mmoja ukaguna. Mbele yake umati mwingine ukalipuka kwa shangwe, maana ubao wao ulikuwa umepanda. "Watatu! Bado watatu!" Mtu asiyemjua akambusu shavuni. Mwingine akamvisha kofia ya karatasi. Hakuna aliyemuuliza anakwenda wapi.

Mlangoni mwa jengo mlinzi wa lifti alikuwa amekaa kwenye kigoda.

"Ghorofa gani?"

"Kwa mdogo wangu, fundi cherehani."

"Huyo yuko juu ya lifti, na wageni wa huko hawaingii humu. Ngazi ni zile pale."

Mkunga akazitazama ngazi. Zilikuwa zinapinda na kupinda mpaka jicho linachoka. Simu ikalia, alikuwa mdogo wake, akihema.

"Dada, ukizifuata ngazi hunikuti. Mwambie umekuja kupima pazia la mama wa ghorofa ya mwisho ya lifti. Brashi ananishusha mpaka hapo."

"Nimekuja kupima pazia," mkunga akamwambia mlinzi.

"La mama wa ghorofa ya mwisho? Si ungesema mapema!" Mlinzi akasimama, akamfungulia, akambonyezea na kitufe. Ndani kulikuwa na kioo na muziki laini. Mkunga akajiona na kofia ya karatasi kichwani, akaivua.

Juu, Brashi alikuwa anashuka kinyumenyume, ngazi moja moja, mkewe akiwa amemshika shingo na pazia likiwa begani mwake fundi, maana hakutaka kuliacha nusu. Fundi alisimama kila uchungu ulipokuja. Mara mbili alimwambia Brashi amwache hapo hapo, na mara mbili Brashi akajifanya hasikii. Walipita kwenye kituo cha ngazi ambako mtoto wa kwanza alifia. Hawakukitazama, ila Brashi alimkaza zaidi mkewe, na machozi yalikuwa yanamtiririka mpaka kwenye ovaroli.

Walipokanyaga ghorofa ya mwisho ya lifti, kelele zikapanda kutoka chini, mtoni. Wawili kwa mpigo! "Bado mmoja! Bado mmoja!"

Mlango wa lifti ukafunguka, mkunga akatoka.

"Umechelewa," akasema fundi.

"Jiji letu limekua."

"Na letu."

"Lala chini. Shemeji, mshike mgongo. Wewe, usinitazame usoni, vuta pumzi."

Mama wa pazia akachungulia mlangoni mwake. Alikuwa mwanamke nadhifu, mwenye miwani, na hakuwa mtu mbaya.

"Pazia langu tayari?"

"Bado upindo wa upande mmoja," akajibu fundi, kisha akapiga ukelele.

"Maji ya moto, mama yangu," akasema mkunga, "na taulo."

Mama wa pazia akaleta ndoo ya maji ya moto, maana katika ghorofa hizo maji yalikuwa yanafika. Taulo akasita, kwa sababu zilikuwa mpya. Mkunga hakumsubiri. Alikunjua pazia akalitandika.

"Sasa! Sasa sukuma, mdogo wangu! Hivyo hivyo! Kichwa hicho!"

"Na ngazi zenu hizi..." fundi akaanza kusema kinyume, kwa maumivu, akisahau ni za nani.

"Zenu ninyi! Sukuma!"

"Afadhali ngazi kuliko vumbi lenu!"

"Tukana, tukana, unasaidia!"

Mtoto akatoka akiwa na hasira, wa kike, ngumi zimefungwa. Alinyamaza kidogo, na katika kunyamaza huko watu wazima watatu walikufa na kufufuka. Halafu akalia. Huko mtoni jiji zima likapiga kelele mpaka vioo vikatetemeka: milioni! Milioni moja kamili! Ving'ora vikalia, fataki zikaruka mchana kweupe, na mkunga akakaa chini kwenye vigae akiwa amemkumbatia mpwa wake, akicheka na kulia, asijue kipi kwanza.

"Mama mkubwa wako ndiye huyu," akamwambia. "Nilisema nitakupokea. Si nilisema?"

Lifti ikaleta mkuu wa ubao, mpiga picha na wasaidizi wenye maua. Mkuu wa ubao alikuwa anatoka jasho la furaha. Mpiga picha akampiga mtoto picha, akalipiga na pazia, na mkuu akampa Brashi mwavuli wenye nembo ya jiji.

"Sasa tunawaomba jambo moja tu," akasema. "Msipande. Bakini hapahapa mpaka saa kumi."

"Na baada ya saa kumi?" akauliza mkunga.

"Baada ya hapo mko huru kabisa."

Wakaletewa viti na soda. Mkunga akamuosha mdogo wake nyuma ya shuka ambayo hatimaye mama wa pazia aliitoa. Kila baada ya muda msaidizi mmoja alikuja kuhakikisha kwamba hakuna aliyesogeza mguu ngazini. Kutoka dirishani waliuona umati wa ng'ambo ukikunja mabango yake, na Mwewe akapiga simu kusema kwamba kule wamenuna, ila yeye hana kinyongo, na kwamba nyumba ya mkunga imesogea kidogo tena.

"Kidogo kiasi gani?"

"Dada, utakapokuja tutazungumza."

Saa kumi ilipogonga mkuu wa ubao alisaini, akapeana mikono na kila mtu, akaingia kwenye lifti. Fundi akazuia mlango kwa mguu.

"Samahani, baba. Lifti mtaifikisha kwetu lini?"

"Uwanja wa ndege kwanza, mama," akajibu kwa upole. "Mambo ni hatua kwa hatua."

"Utajengwa wapi, na kila mahali pamejaa?"

"Utachomoza," akasema mkuu wa ubao, na mlango ukajifunga.

Viti vikachukuliwa. Mama wa pazia akasema kwa sauti ya chini kwamba pazia wakae nalo tu, atashonesha jingine, kwa fundi mwingine ikibidi. Kisha naye akafunga mlango, taratibu, asimwamshe mtoto.

Brashi akatangulia na mkoba na mwavuli. Fundi akafuata, mtoto akiwa ndani ya pazia, na mkunga akaja nyuma, mkono wake kwenye kiuno cha mdogo wake. Alikuwa anamwambia mtoto kwamba ng'ambo hakuna ngazi hata moja, akikua aje atembee mpaka achoke mwenyewe.

"Usimdanganye mwanangu," akasema fundi.

"Simdanganyi. Atachoka."

Wakacheka wote watatu, wakakanyaga ngazi. Huko mtoni ubao ukashuka kwa mmoja, wa pili, wa tatu, wa nne, ukarudi palepale ulipokuwa asubuhi. Mkunga aliuona kupitia kidirisha cha ngazini. Watu walikuwa wanacheza chini yake wakiwa wameupa migongo, na hakuna aliyegeuka.

Wakapanda. Kwenye kituo kile fundi alisimama, na safari hii akakitazama. Akamfunua mtoto uso kidogo, akamwonyesha mahali pale, akamfunika.

Ndipo jengo likajiinua. Fundi akashika ukuta kwa mkono mmoja na mtoto kwa mwingine, kama kawaida, akasubiri limalize.