Udongo Mwekundu Kwenye Glasi

Tangu mvua ianze juzi, mlinzi wa bwawa alikuwa akikinga glasi chini ya tuta kila baada ya saa moja. Bwawa la udongo lazima litoe jasho kidogo. Maji yakiwa maangavu, hakuna neno. Yakichafuka, ujue yanakula tuta ndani kwa ndani, na wa kukimbia akimbie.

Saa nane yalikuwa maangavu. Saa tisa alasiri yalikuwa mekundu.

Alishuka mbio, kiganja kimeziba glasi. Majirani walipoiona hawakuuliza mara mbili. Walibeba watoto wakapanda kilimani. Mama mkwe wake, mwenye nyumba ya kwanza chini ya bwawa, alibaki kitandani na miguu yake iliyovimba.

"Tuta kajenga mwanangu. Akisema yeye, nitatoka. Wewe hata chai ikichemka unaita watu."

Huyo mwanawe, fundi, mume wa mlinzi, alikuwa ameingia chumbani nyuma ya mkewe akichuruzika maji. Siku mbili nzima alikuwa akiapa mbele za watu kwamba tuta lake halitikisiki.

"Tope la mvua hilo," alisema. "Umekinga vibaya."

Mkewe alitamani kumzaba kofi. Alimshikisha glasi.

"Udongo wa huku wote ni mweusi. Huu umetoka wapi?"

Fundi alichovya kidole, akasugua. Ulikuwa udongo wa kichuguu. Aliusomba mwenyewe kutoka ng'ambo ya mto, mikokoteni arobaini, akaushindilia katikati kabisa ya tuta ili lisivuje. Kwingine kote kijijini haukuwepo.

"Haya, sema," mama yake alimhimiza. "Litasimama?"

Mvua ilipiga bati. Mlinzi alihesabu pumzi za mumewe, moja, mbili, tatu, akaona mtu huyu atawaua kwa aibu.

"Nilikosea, mama. Panda mgongoni."

Bibi kizee hakubisha. Alinyoosha mikono, mkwewe akamwinua.

Walikuwa katikati ya mlima ngurumo ilipotoka bondeni, kisha bati likalia likikunjwa. Fundi alisimama, akataka kugeuka. Mama yake alimshika shavu kwa kiganja, akaurudisha uso wake mbele.

"Usitazame, mwanangu. Panda tu."