Kopo la Mke Wangu

Tulifunga madirisha, tukazima feni, na shemeji akasukumia shuka kuukuu chini ya mlango ili upepo usipate pa kupenya. Majivu ya mke wangu yalikuwa mezani, kwenye mfuko wa nailoni uliofungwa shingo. Pembeni yake kilikaa chombo nilichokitengeneza mwenyewe kwa bati jipya. Mimi ni fundi bati. Nusu ya mtaa huu wanachotea maji ndoo zangu, kwa hiyo sikuona sababu ya kununua chombo cha ofisini.

Kilichonitoa jasho ni muda. Ofisi ya makaburi ilitaka tufike kabla ya adhuhuri. Tukichelewa, shimo letu la ukutani anapewa mwingine.

Bosi wa ofisi hiyo tunamwita Muhuri, maana bila yeye kugonga, hata maiti haisogei. Hospitali walituzungusha dirisha hili na lile mpaka mke wangu akashindwa hata kukaa kwenye benchi. Alipokufa, Muhuri akaniambia ardhi imejaa. Imejaa kwetu sisi. Wenye suti zao wanaendelea kulazwa chini kwa nafasi, miguu wameinyoosha. Sisi tunachomwa, tunapangwa kwenye mashimo ya ukuta kama viatu dukani. Nilimuuliza kama chombo cha ukubwa wa lile shimo kitatosha, maana mimi nimepima mapipa, sijawahi kupima mtu. Akanijibu bila kuinua kichwa: "Mzee, kila mtu hutosha."

"Anza basi, shemeji," alisema mdogo wake marehemu. Alikuwa ameshikilia bati nililokunja mdomo mwembamba, kama la kumiminia mafuta. "Mbona hata mfuko hujaufungua?"

"Fundo limekaza."

"Haya, basi ni fundo."

Nikamimina. Nilidhani yatakuwa laini kama ya jikoni, kumbe ni machengachenga, meupe kuelekea kijivu, tena mazito. Yalishuka kwa sauti ya mchanga. Vumbi kidogo likainuka, na shemeji akakunja pua.

"Chafya inakuja."

"Ukipiga chafya hapa tutamtafuta dada yako darini."

Akaanza kucheka, pumzi ameibana, machozi yanamtoka. Nikamwambia na kucheka aache.

Halafu chombo kikajaa. Kilijaa mpaka mdomoni, na mfuko bado haujaisha. Niliupapasa kwa nje. Ilibaki konzi nzima ya majivu, si mabaki ya kukung'uta.

"Ulipimaje?" shemeji aliuliza.

"Nilipima shimo! Yeye sikumpima!"

"Yanayobaki tuyaweke kwenye kopo jingine, tuyatunze kabatini."

"Nusu ukutani, nusu kabatini? Siku akiniuliza miguu yake niliiacha wapi, nimjibu nini?"

Kuongeza bati juu nisingeweza, shimo lisingepokea. Simu ikalia. Alikuwa Muhuri.

"Mzee, kuna familia nyingine imesimama hapa. Niwape?"

"Tuko njiani," nikasema, nimevaa kandambili na mfuko nimeukumbatia.

Shemeji akakitazama chombo, kichwa ameinamisha upande. "Dada alikuwa akifanyaje na unga?"

Nilijua anachosema. Tulipooana tu nilimtengenezea kopo la unga, likawa dogo kuliko mfuko wa unga wenyewe. Hakukubali nilibadilishe. Alikuwa anamimina, anagonga ubavuni kwa vifundo vya vidole, analigeuza, anagonga tena, mpaka unga unakaa. "Kopo lako kaidi kama wewe," alikuwa akisema, "lakini nalijulia."

Nikagonga. Niligonga polepole, kama mtu anayebisha hodi kwa mgonjwa.

"Gonga vizuri, shemeji. Haumii."

Nikageuza, nikagonga kwa nguvu. Majivu yakashuka upana wa kidole. Nikaongeza, nikagonga. Roho ilikuwa juu, nikisikiliza mshono wa bati, niliouunga kwa risasi ya kuyeyusha, usije ukaachia. Nikakamua pembe za mfuko, nikaugeuza ndani nje. Viganja vyangu nikavikung'utia juu ya chombo, lakini vumbi lililoingia kwenye mistari ya mikono na chini ya kucha liligoma kutoka. Mfuniko ulikataa, nikausukuma kwa kifua, ukaingia.

Shemeji akafungua bomba. "Nawa twende, tumechelewa."

Nilitazama maji yakizunguka na kushuka kwenye tundu la sinki, yakienda yanakokwenda maji machafu ya mtaa mzima.

"Funga," nikamwambia.

Akaniangalia mikono. Akafunga. Chombo akakibeba yeye.

Tulimkuta Muhuri ukutani, ile familia nyingine imesimama nyuma yake. Shemeji akakisukuma chombo, kikaingia shimoni kama droo. Mwashi akaziba. Ndipo Muhuri akaninyooshea mkono, watu wote wanatazama.

"Pole sana, mzee."

Wangu nikautia mfukoni.

"Naona bado una kinyongo na sisi," akasema.

"Ninacho."

Sikumdanganya, ninacho tena tele. Lakini mkono sikumnyima kwa ajili hiyo. Shemeji ndiye pekee aliyejua, naye akatangulia mbele kunifungulia geti, nisije nikalishika.