Chafya Mlangoni

Tribhuvan aliileta habari ya Agra wakati wa chai, uso umemng'aa kama mtoto aliyeshinda gololi. Amepata ruhusa kazini, na tiketi za treni ya Jumamosi asubuhi ziko mfukoni: yeye, mkewe Sulekha, mama yake na dada yake Rajni. Siku ya kwanza wataona Taj Mahal, alisema, kisha ngome nyekundu. Siku ya pili watakwenda Fatehpur Sikri kupanda ngazi za lango kuu. Aliiahidi safari hiyo tangu walipooana, na mara mbili ilivunjika. Sulekha alitabasamu, akainamia sufuria ya chai ili mtu asimwone alivyopauka.

Mara zote mbili ilivunjika kwa sababu moja. Mimba zilitoka.

Sasa alikuwa na ya tatu, na hakuna aliyeambiwa. Mtaani kwao, pale Jhansi, mimba haitajwi mpaka mwezi wa tatu uishe, maana jicho baya halibishi hodi. Mara ya kwanza alimwambia mumewe mapema, na Tribhuvan si mtu wa kuficha furaha. Kabla ya jioni Rajni alijua, na Rajni akijua basi mji mzima umejua. Mara ya pili mama mkwe wake, Kalavati, alishindwa kungoja, akatengeneza ladu za unga wa dengu na kuzigawa nyumba kwa nyumba. Utamu wake haujawatoka watu mdomoni, Sulekha akaanza kutoka damu. Mtafunwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Mara hii aliufunga mdomo, hata kwa mumewe.

Basi angekataaje kwenda? Akisema anaumwa, ataitwa daktari. Akisema hataki, watamuuliza kwa nini. Na akienda? Aliuogopa mtikisiko wa treni, akaziogopa zile ngazi, lakini zaidi ya yote aliiogopa Taj yenyewe, maana ni kaburi. Wengine huenda Taj kuona marumaru na mapenzi ya mfalme. Sulekha moyoni alimwona malkia aliyezikwa humo, aliyekufa akijifungua mtoto wa kumi na nne. Kwao mjamzito hapelekwi hata kwenye msiba wa jirani. Leo yeye ndiye akasimame kwenye kaburi la aliyefia uzazini, apigwe picha anacheka?

Rajni hakuwa na habari. Alishinda akipanga nguo za safari kitandani na kuhesabia watu maboksi ya halua ya maboga ya Agra watakayomletea kila shangazi.

"Wifi, wewe vaa ile sari nyekundu. Pale Taj, kwenye benchi la marumaru, picha itakutoa bibi harusi kabisa."

"Blauzi yake inanibana."

"Inakubana wapi? Au unakula na chapati za kaka?"

Sulekha akasema blauzi ilirudi ilipofuliwa. Kalavati, aliyekuwa akichagua mawe kwenye dengu, aliinua macho, akamtazama mkwe wake kiunoni, kisha akarudia dengu zake.

"Rajni, mdomo wako ungekuwa mguu, ungeshafika Agra zamani," alisema.

Hakuna aliyemtisha Sulekha kama mama huyu. Macho yake hayakupitwa na kitu, na siku hizi alikuwa mkali kama siki. Papai alilolileta Tribhuvan kutoka sokoni alilitupia mbuzi wa jirani, ati linanuka. Sulekha alishukuru kimoyomoyo, kwani papai husemwa kwamba huporomosha mimba, naye alikuwa ameishiwa visingizio vya kulikataa.

Ijumaa kiuno kilianza kumuuma. Kila baada ya muda alikwenda bafuni kutazama kama kuna damu, na kila alipokuta hamna alitoka na hofu ileile aliyoingia nayo.

Asubuhi ya safari mabegi yalikuwa mlangoni na bajaji inanguruma nje. Kalavati alimlisha kila mmoja kijiko cha mtindi na sukari, ili njia iwe ya heri. Tribhuvan akatoka, Rajni akafuata. Sulekha aliinua mguu kuvuka kizingiti, na nyuma yake Kalavati akapiga chafya.

Wote walisimama. Kwao chafya mtu anapoanza safari ni mkosi, si jambo la mchezo. Tribhuvan alijichekesha, akasema wafanye kama desturi: warudi ndani, wakae kidogo, wanywe maji, waanze upya. Wakafanya hivyo. Sulekha aliinua mguu tena, na chafya zikaja mbili kwa mpigo.

Sulekha alijua anayeambiwa ni yeye. Mkono ulimwendea tumboni wenyewe, akauwahi na kushika nguzo ya mlango.

"Ni vumbi tu, Mama," Tribhuvan alisema. "Treni haingoji pua ya mtu."

"Iende. Wewe umevuka salama, na dada yako pia. Chafya imemkataa mkeo. Kama mnakwenda, nendeni. Huyu haondoki, na mimi nabaki naye."

"Mama, mimi nilimwahidi."

"Kaburi halihami, mwanangu."

Tribhuvan alimgeukia mkewe, akangoja aseme neno moja tu la kumuunga mkono. Sulekha alitazama chini. Basi Tribhuvan akaenda kumwambia dereva aondoke, akarudi, akakaa kwenye ngazi ya mlango akiwapa mgongo. Rajni alikimbilia chumbani analia. Sulekha alimwonea mumewe huruma iliyomchoma, lakini hofu ilikuwa kubwa kuliko huruma.

Alimfuata Kalavati jikoni na kumkuta ameinamia ndoo anajiosha pua. Macho yalikuwa mekundu, machozi yanamtiririka. Ncha ya sari yake, pale wanawake wanapofunga funguo, ilikuwa imefunguka, na ndani yake mlikuwa na pilipili ya unga.

Sulekha aliitazama pilipili ile. Akakumbuka papai alilotupiwa mbuzi.

"Mama, mimi..."

Kalavati akamziba mdomo kwa kiganja.

"Usiniambie. Mimi sijui kitu. Mara ile nilijua, nikagawa ladu." Alikikaza kiganja juu ya midomo ya Sulekha. "Usiniambie mpaka kila mtu akuone kwa macho yake. Hata nikikuuliza, ukatae."

Siri ya mtungi aijuaye ni kata, lakini kata hii ilikuwa inaomba isijue. Midomo ilianza kumwasha Sulekha kwa pilipili ya kile kiganja. Hakukiondoa. Siku zote alidhani anaogopa peke yake.

Kutoka mlangoni Tribhuvan aliuliza, kwa sauti ya mtu aliyenuna, kama walau chai ipo.

"Ipo," Kalavati akajibu, akavuta kigoda kwa mguu. Kisha akamwambia mkwe wake, kwa sauti ya chini, akae taratibu.