Mgonjwa wa Mtihani

Profesa Kahiga alimpenda Nzilani kwa namna ambayo hata mumewe, Musili, hakuwahi kumpenda. Kila Jumatatu alimwinamia kitandani, akaweka kipimo chake cha kusikilizia moyo kifuani, akafumba macho na kutabasamu. Mle ndani, kwenye vali ya moyo, palikuwa na uvimbe wa mishipa ya damu, mdogo kama zambarau, wala haukuwa saratani. Profesa alikuwa amefundisha udaktari miaka thelathini bila kukutana na mwingine, na huu wenyewe ulimhangaisha miezi miwili kabla hajautambua.

"Mama, wewe ni hazina," alimwambia.

Nzilani, mkulima wa Ndithini, alitaka tu hazina hiyo itolewe. Akipanda ngazi tatu tu, alitweta. Daktari mmoja kijana alishamnong'oneza kwamba kipande kikimeguka na kupanda kichwani, basi amekwisha. Upasuaji ulisubiri sahihi ya profesa, na profesa alisubiri mtihani wa wanafunzi wake, mwezi wa Novemba. Nzilani akavumilia. Chakula alipewa kizuri, tuseme ukweli, na chai ya maziwa mara mbili kwa siku.

Asubuhi ya mtihani profesa alimkataza kabisa kuwatajia wanafunzi ugonjwa wake. Kisha, akiwa bado mlangoni, akamweleza mwenzake kwamba wengi wataanguka, kwa hiyo mama huyu awekwe hadi mtihani wa marudio, mwezi wa tatu. Alisema kwa sauti ya kawaida, kana kwamba wenye uvimbe hawana masikio.

Nzilani alikasirika. Mvua ilikuwa imeanza kwao, na yeye amewekwa hapa kama chaki ya darasani.

Wanafunzi kumi na wawili waliingia mmoja mmoja, kila mmoja akiachwa naye peke yao nusu saa. Wa kwanza, Wamucii, alikuwa na woga hata kipimo kikamponyoka. Nzilani akamwambia asijitese, akamtajia jina la ugonjwa polepole, akamwonyesha na mahali pa kusikiliza. Akafanya vivyo hivyo kwa wote waliofuata, hata yule mwenye majivuno ambaye hakumsalimia.

Saa nane profesa alirudi na karatasi za maksi. Wote walikuwa wamepita. Akazipitia mara tatu, kisha akamuuliza Nzilani kama amewaambia.

"Waliniuliza kama najua niko na ugonjwa gani," akajibu. "Mimi ni mama wa kanisa, daktari. Ningedanganya watoto?"

Profesa akapiga hesabu. Kufikia jioni hakutakuwa na mwanafunzi chuoni asiyemjua mama huyu na uvimbe wake. Akavuta faili, akaandika kwamba mgonjwa hafai tena kwa mtihani, na chini yake, kwa mwandiko wa hasira, akatia sahihi ya upasuaji, ufanyike Jumanne.

Alipoondoka, Nzilani akampigia Musili simu.

"Nimekuwa mgonjwa wa kawaida," akamwambia, akalia kwa furaha.