Sala ya Saa Kumi

Kisilu wangu alikuwa na miezi saba, na kila siku saa kumi alfajiri alikuwa macho, analia. Mimi nilifundisha darasa la kwanza hapo Mbumbuni. Mume wangu, Musembi, alifanya kazi Makindu, akija nyumbani mwisho wa mwezi. Nilikuwa nimechoka, na nilitaka mtu wa kulaumu. Mama mkwe wangu, Kalunde, ndiye aliyekuwa karibu.

Kalunde alilala chumba cha pili. Ukuta uliotutenga haukufika kwenye mabati, na saa kumi hiyo hiyo aliamka kuomba kwa sauti. Aliombea mvua, mbuzi, kanisa na watoto wake mmoja mmoja. Nikaamua kwamba ndiye anayemwamsha mtoto. Kumwambia usoni niliogopa, basi nikamnong'oneza Bilha, mke wa mchungaji, na kumsihi asinitaje.

Jumapili mchungaji akahubiri juu ya watu wanaotaka sala zao zisikike mpaka kwa jirani. Hakutaja jina. Kalunde alikuwa ameketi kando yangu, na nilimwona akikaza fundo la leso yake. Nikainama, nikajifanya kumfunika mtoto. Aibu ilinishika, lakini nilijiambia angalau kesho nitalala.

Kesho yake Kisilu aliamka saa kumi vilevile. Chumba cha pili kilikuwa kimya. Alilia mpaka kukapambazuka, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Zamani alilia kidogo kisha akalala tena, nami nilidhani ni maziwa yangu yanayomtuliza. Siku nne zikapita hivyo. Siku ya tano nilimbeba mgongoni, nikatoka kumtembeza uani, ndipo niliposikia kikohozi ghalani.

Nilichungulia kati ya fito. Kalunde alikuwa amepiga magoti baina ya magunia ya mbaazi, blanketi mabegani, katika baridi ile ya Julai.

"Ngai, nisamehe majivuno yangu," alikuwa akinong'ona. "Na huyu Mutindi umpe usingizi. Amechoka."

Mutindi ni mimi. Nilijichukia. Nikasukuma mlango.

"Mwaitu, mama yangu, rudi ndani," nilimwambia. "Uombe kwa sauti kama zamani."

"Mimi nilishafunzwa kunyamaza," alisema bila kugeuka. "Omba wewe."

Kisilu alikuwa akipiga mayowe mgongoni. Nikapiga magoti kando ya mama mkwe wangu, nikaomba kwa sauti mpaka mbuzi wakaamka. Nilimwambia Mungu ni mimi niliyekwenda kwa Bilha. Nilimwambia nilikula chakula cha mama huyu, kisha nikaenda kumsema. Nikasema sauti yake ndiyo iliyokuwa ikimlaza mwanangu kila alfajiri, nami nikamtoa mama wa watu nyumbani mwa mwanawe, akaja kuugua kifua ghalani.

Nilipofika mwisho niligundua kwamba kilio kimekwisha. Kisilu alikuwa amelala, mate yakinilowesha bega.

"Amina," alisema Kalunde, sauti ikiwa imekwaruzwa na kikohozi. "Nilijua ni wewe tangu ile Jumapili. Bilha neno halimkai tumboni."

Sikuweza kumwangalia. Alinyoosha mikono, akaanza kumfungua mtoto mgongoni mwangu polepole.

"Nipe nimbebe," alisema. "Wewe nenda ulale kidogo kabla ya shule."