Mate ya Baraka

Mume wangu Kipyego alianza kuvuta kiko alipopewa ualimu mkuu, ati kinampa heshima. Heshima gani, mimi sijui. Nilichopata ni mapazia yanayonuka na ugomvi wa miaka thelathini, na mwaka huu mdomo wake ukaanza kukauka kama sufuria iliyosahauliwa jikoni. Ulimi ukapasuka, mashavu yakawa mekundu kwa ndani. Chai ilimchoma, hata ndizi ilimchoma. Alikuwa akilala na jagi la maji kando ya kitanda.

Nilimwambia aache kiko. Akanijibu kwamba kiko ndicho pekee kinachomletea mate. Na kweli, dakika mbili tatu za kwanza mate yalikuja, kisha ukavu ukarudi mbaya zaidi, naye akajaza tumbaku tena. Sikio la kufa halisikii dawa. Mwezi wa nne alikwenda kwa daktari peke yake, akarudi akisema amepewa dawa ya kusukutua. Nikamwamini, kwa sababu nilitaka kumwamini.

Jumamosi ilikuwa siku ya kumbariki Jemutai, mtoto wetu wa pekee, kabla ya kwenda kwa mumewe. Kwetu mzazi habariki kwa maneno matupu. Hupiga funda la mursik, maziwa yetu ya mgando, akamtemea mtoto kifuani pamoja na mate yake mwenyewe. Baba akiwa hai, mwingine hawezi kumtangulia. Kipyego aliingoja siku hiyo tangu msichana azaliwe, na sasa hofu yake ilikuwa moja tu, asije akakosa mate. Asubuhi nilimkuta nyuma ya nyumba yetu ya mtaa wa Pioneer akivuta kiko cha tatu, macho yamemtoka, akijaribu kutema kwenye nyasi. Nyasi zilibaki kavu. Nilitaka kumgombeza nikashindwa. Nilimhurumia sana.

Hema lilijaa. Jemutai akasimama mbele ya baba yake, mikono nyuma. Kipyego akapiga funda. Uchachu ukamkamata kwenye vidonda, nikaona vidole vyake vikishika kiti. Maziwa yakamtoka pembeni mwa mdomo, yakachuruzika kidevuni hadi kwenye tai, yakiwa na damu. Hakuna tone lililomfikia mtoto. Akajaribu kutema mate tu. Mdomo ulifunguka ukafungika, na hakuna kilichotoka. Wageni wakainamisha vichwa.

Jemutai akamfuta kidevu kwa leso yake.

"Baba, hakuna haraka," akamwambia. "Tutafanya hata Desemba, ukishapona."

"Usingoje, mama." Alisema polepole, kwa ule ulimi uliovimba. "Hii ni kansa. Daktari aliniambia mwezi wa nne."

Habari hiyo niliisikia pamoja na wageni, mimi mkewe. Hasira ilinipanda, nikatafuta wa kumkasirikia nikamkosa.

Kipyego akamwita mdogo wake Kigen, akampa kibuyu cha mursik kwa mikono miwili. Kigen alikataa kukipokea. Alisema hawezi kumbariki mtoto huyu na ndugu yake mkubwa yuko hapa, anapumua.

"Fanya tu kama siko," Kipyego akamwambia.

Kigen akapiga funda, akatema, na gauni la mtoto wangu likalowa. Kipyego alikuwa amekaa pale pale, akitazama.